Kumwandaa mzazi mzee kwa upasuaji wa saratani ya umio: mwongozo kamili kwa familia

Kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, saratani ya umio huwapata watu wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika vijiji vingi vya kwetu si ajabu kusikia habari za mzee aliyeanza kwa kukwamwa na nyama, kisha ugali, kisha uji, hadi mate yenyewe yakawa hayapiti. Wengi hufika hospitali wamechelewa. Wanaowahi, ugonjwa ukiwa haujasambaa na mwili ukiwa na nguvu za kuhimili, huweza kuambiwa: tutakufanyia upasuaji. Mwongozo huu ni wa familia iliyopewa jibu hilo.

Nimemuuguza baba yangu, na nimekaa na familia nyingine kwenye mabenchi ya kliniki. Ninaloamini ni hili: kazi ya madaktari ni ya saa kadhaa na siku chache, kazi ya nyumbani ni ya miezi, na inaanza kabla ya tarehe ya upasuaji. Mzee akiingia na nguvu, akatoka akakuta watu wanaojua namna ya kumlisha, safari yake inakuwa tofauti kabisa na ya yule aliyeachiwa yote Mungu na madaktari.

Mzee aambiwe, na aamue mwenyewe

Familia zetu zina tabia ya kumficha mgonjwa. Anaambiwa ana vidonda vya tumbo, ana uvimbe kidogo, atatolewa kitu kikwazo arudi nyumbani. Ni huruma, lakini kwa upasuaji huu ina gharama kubwa. Mtu asiyejua anachokabili hatafanya mazoezi ya kupumua, hataacha sigara, hatakubali mipira anayoamka nayo mwilini, na akigundua baadaye hatawaamini tena. Isitoshe, karatasi ya idhini ni ya kwake kusaini, maadamu akili zake timamu.

Mtafuteni daktari amweleze kwa Kiswahili anachokielewa, mtu mmoja wa familia akiwepo na daftari. Kama mzee anaelewa vizuri zaidi lugha ya nyumbani, semeni mapema ili apatikane wa kumtafsiria, na ikiwezekana asiwe mtoto wake wa mwisho ambaye atakuwa analia. Maswali ya kumuuliza daktari ni haya: ugonjwa umefika wapi? Lengo ni kuutoa wote au kupunguza shida? Atapata kwanza tiba ya kemikali na mionzi? Kuna nafasi ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi? Kuna hatari gani kwa mtu wa umri wake? Na akikataa, njia nyingine ni ipi? Mzee ana haki ya kukataa. Kwa asiyefanyiwa upasuaji kuna mionzi, na kuna kuwekewa kimrija cha waya ndani ya umio ili chakula kipite. Hayo nayo ni matibabu, na mtu hapaswi kuhisi ametupwa.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Katika upasuaji wa kawaida huondolewa sehemu yake kubwa pamoja na tezi zilizo jirani. Kisha tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, hukatwa likawa jembamba kama bomba, likavutwa juu hadi kifuani au shingoni na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa na mshono tumboni, mwingine ubavuni upande wa kulia, na pengine mwingine shingoni. Kazi hii huchukua saa nyingi. Wanaosubiri nje wasiingiwe na hofu kwa sababu jua limetua.

Mambo matatu yanatokana na hapo, na ndiyo yatakayotawala maisha ya nyumbani. Mfuko wa chakula umekuwa mdogo, hivyo hauchukui sahani nzima. Ule mlango uliokuwa unazuia chakula na asidi kupanda haupo tena, hivyo akilala chali vitapanda. Na mapafu yamesumbuliwa, hivyo nimonia ndiyo adui wa kwanza wa siku za mwanzo.

Wiki za kabla

Mara nyingi mzee hupewa kwanza tiba ya kemikali na mionzi, kisha husubiri wiki kadhaa mwili upumzike. Familia nyingi huzipoteza wiki hizo kwa kukaa tu na kuomba tarehe isogezwe karibu. Ombeni, na wakati huohuo fanyeni yafuatayo.

La kwanza ni chakula. Mtu aliyekuwa anameza kwa shida kwa miezi huja amekonda, na mwili uliokonda hauponi vizuri: mshono unachelewa, maambukizi yanaingia. Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile, muandike. Uji wa maji matupu unajaza tumbo bila kujenga mwili. Uji huohuo ukitiwa maziwa, karanga zilizosagwa laini sana, kijiko cha mafuta au siagi na yai lililopikwa humo likaiva kabisa, unakuwa chakula. Mtori uliopondwa vizuri na mchuzi wa nyama, parachichi lililosagwa na maziwa, mtindi, supu ya samaki iliyochujwa miiba: vyote hivi hupita hata kwa mtu ambaye njia yake imebana. Ale kidogo, mara sita au zaidi kwa siku. Kama hata vya majimaji havipiti, au uzito unaporomoka, msisubiri tarehe ya kliniki. Rudini, kwa sababu kuna uwezekano wa kuwekewa mpira wa kulishia mapema ili aingie kwenye upasuaji akiwa na hali.

La pili ni mapafu. Sigara, ugoro na kiko viachwe leo. Wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji huleta tofauti kubwa, lakini hata chini ya hapo inafaa kuacha. Kuhusu pombe, kama mzee alikuwa anakunywa kila siku, mwambieni daktari bila kumwonea aibu, maana kukatisha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege, na hilo hutakiwa kusimamiwa.

Kisha afundishwe kupumua. Akae wima, mabega yakiwa yamelegea, mkono mmoja juu ya tumbo. Avute hewa polepole kwa pua mpaka mkono uinuke, aishike kwa kuhesabu tatu, aitoe taratibu kwa mdomo. Mara kumi, kisha apumzike. Arudie mara kadhaa kwa siku. Ajifunze pia kukohoa akiwa amekumbatia mto kifuani na tumboni, kwa sababu baada ya upasuaji mto huo utabana mshono usimuume sana, na makohozi lazima yatoke. Hospitali nyingine hutoa kile kifaa cha plastiki chenye vipira vitatu vya kuvuta kwa pumzi. Kama mmepewa, mzee akizoee nyumbani. Ajifunze haya kabla, akiwa na utulivu, kwa sababu mtu aliyeamka na maumivu hafundishiki kirahisi.

La tatu ni miguu. Atembee kila siku kwa mwendo unaomfanya aheme kidogo lakini bado aweze kuongea, kwa vipande vipande hadi ifike nusu saa. Anyanyuke kwenye kiti bila kushika mikono, mara chache asubuhi na jioni. Kwa mzee wa miaka sabini, uwezo wa kunyanyuka mwenyewe kitandani ni jambo kubwa sana siku ya pili baada ya upasuaji.

Kinywa husahaulika. Meno mabovu na kinywa kichafu hupeleka vijidudu kwenye mapafu. Meno yanayocheza au yenye usaha yaonwe na daktari wa meno mapema, apige mswaki asubuhi na usiku, na meno ya bandia yasafishwe.

Halafu kuna dawa. Kusanyeni zote kwenye mfuko mmoja: za presha, za kisukari, za moyo, aspirini, warfarini, za maumivu zilizonunuliwa duka la dawa, na za miti shamba alizoletewa na jirani. Mpelekeeni daktari wa usingizi mfuko huo kama ulivyo. Nyingine huongeza kutoka damu, nyingine hushusha sukari mtu akiwa hajala. Msisimamishe dawa yoyote kwa maamuzi yenu, hasa za presha na kisukari. Mtaambiwa ipi iachwe na lini. Mwambieni pia huyo daktari kama chakula huwa kinakwama na kurudi. Kwa mgonjwa wa umio, chakula cha jana kinaweza kuwa bado kimekaa juu ya uvimbe, na akilazwa usingizi kikaingia mapafuni ni hatari kubwa. Ndiyo maana masharti yake ya kufunga kula yanaweza kuwa makali kuliko ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Fuateni aliyopewa yeye.

Kikao cha familia

Kikao kifanyike kabla, si koridoni siku ya tukio. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari na kuwapa wengine habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Watoto sita wakimwuliza daktari mmoja kila mmoja kwa wakati wake, majibu sita yatazaa ugomvi. Mwingine ashike michango na daftari la matumizi, na iwe wazi kila mtu aone.

Bima ikikubali upasuaji, bado kuna ambavyo mara nyingi haitavigusa: nauli, malazi ya anayeuguza, maziwa, mabomba ya sindano, gozi na plasta, simu. Ulizeni mapema bima inalipa nini hasa, na kama kuna kibali cha kuombwa. Asiye na bima aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo kabla ya kulazwa. Tanzania kuna utaratibu wa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji husaidia. Damu nayo iandaliwe. Ulizeni benki ya damu inahitaji wachangiaji wangapi, na muwapeleke watu wazima wenye afya mapema, kwa sababu waliopanga kuja siku yenyewe huamka na udhuru.

Zamu za kuuguza zipangwe kwa kuheshimu mila za nyumbani. Kuna nyumba ambazo mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, na mama hatakubali kuvuliwa nguo mbele ya mtoto wake wa kiume. Msimwache mgonjwa mahali ambapo itabidi achague kati ya usafi na heshima yake. Na kuna jambo ambalo wazee hawalisemi: nani atakamua ng'ombe, nani atafungua duka, kodi ya nyumba ile ataipokea nani. Mpeni jibu la jina, si "usijali." Baba alilala vizuri siku aliyosikia kijana wa jirani ameshakabidhiwa zizi.

Nyumba itayarishwe akiwa bado yuko

Kitanda kwanza. Kuanzia sasa hatalala tena akiwa amenyooka. Mito mingi haitoshi, kwa sababu usiku huteleza na humkunja tumboni. Inueni upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwa tofali au magogo imara yasiyocheza, au mwambieni fundi wa magodoro awakatie sponji ya umbo la pembetatu inayoanzia kiunoni hadi kichwani. Ajaribu kulala hivyo wiki mbili kabla, azoee. Karibu na kitanda kuwe na taa ya kuwasha kwa mkono mmoja, kengele au simu, na kibakuli cha kutemea.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa mwenye mshono tumboni na miguu iliyolegea. Fundi seremala hutengeneza kiti chenye tundu kwa gharama ndogo. Kama choo kiko uani, usiku tumieni ndoo yenye mfuniko. Bafuni wekeni stuli ya plastiki isiyoteleza. Kama jiko la kuni linaingiza moshi chumbani, mzee ahamishiwe chumba kingine au jiko lihame. Kila akikohoa atauhisi mshono.

Nyumbani kukiwa mbali na hospitali, mwombeni ndugu aliye mjini awapokee kwa wiki za mwanzo. Shida kubwa huja hasa katika kipindi hicho, na saa tano za barabara ya vumbi usiku ni nyingi mno. Jueni namba ya mwenye gari atakayekubali kuitwa saa nane za usiku. Bodaboda si usafiri wa mtu huyu.

Siku za hospitali

Mwandaeni kwa sura atakayoamka nayo, na muwaandae wadogo zenu pia. Kutakuwa na mpira puani, bomba ubavuni linaloingia kwenye chupa yenye maji, mpira wa mkojo, dripu, na mara nyingi mpira mwembamba tumboni wa kumlishia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Kila mmoja una kazi yake na utatolewa kwa wakati wake. Mpira wa puani usivutwe kamwe, na ukitoka msiruhusu urudishwe kwa kubahatisha: aitwe daktari wa upasuaji, kwa sababu unapita juu ya mshono mpya.

Kwa siku kadhaa, mara nyingi karibu wiki, hatapewa kitu mdomoni. Atasema ana kiu. Atawaomba maji kwa sauti ya kukuvunja moyo. Msimpe hata kijiko mpaka daktari aruhusu, maana mshono wa ndani ukivuja ni hatari ya maisha. Kinachoruhusiwa ni kumlowesha midomo kwa gozi na kumsafisha kinywa, na hilo lifanyeni mara kwa mara.

Maumivu yasemwe. Wazee wetu, hasa wanaume, huona kulalamika ni udhaifu. Mwelezeni kwa heshima: "Baba, daktari anataka uvute pumzi ndefu, na ukiumia huwezi kuvuta." Anayevumilia anapumua juujuu, mapafu yanajaa makohozi, nimonia inaingia. Mofini inayotolewa na wauguzi kwa kipimo haimfanyi mtu mlevi. Itamfunga choo, hivyo ulizeni dawa ya kulainisha.

Wauguzi wakisema anyanyuke akae kwenye kiti siku inayofuata, msiwazuie kwa huruma. Kukaa na kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda miguuni na mapafu kujaa.

Jambo moja huwatisha watu sana. Siku ya pili au ya tatu, mzee mwenye akili timamu anaweza kuanza kuona watu wasiokuwepo, kudai yuko shambani, kuvuta mipira, kumkana mtoto wake. Familia hukimbilia kusema karogwa au mashetani yamempanda. Ni hali inayojulikana, huwapata wazee wengi baada ya upasuaji mkubwa, na mara nyingi huisha. Mwambieni muuguzi mara moja, kwa sababu nyuma yake kunaweza kuwa na maambukizi, upungufu wa hewa, maumivu au mkojo uliojaa. Ninyi mpeni miwani yake, kifaa chake cha masikio, saa ya ukutani, tasbihi au rozari yake. Mwambieni kwa upole leo ni siku gani na yuko wapi. Msibishane naye. Uso anaoufahamu ukae karibu usiku.

Mpira wa kulishia

Wengi hupewa ruhusa bado wana mpira tumboni. Msitoke wodini kabla anayeuguza hajafanya kazi hii kwa mikono yake mbele ya muuguzi, si kwa kuangalia tu.

Nawa mikono kwa sabuni. Mkalishe mzee, au awe ameegemea. Vuta maji safi yaliyochemshwa na kupoa kwenye bomba la sindano, mililita 30 hivi, yasukume polepole. Kisha mpe chakula alichoandikiwa na mtaalamu wa lishe, kwa kasi aliyoelekeza. Mpira huu unaingia kwenye utumbo mwembamba, si kwenye mfuko wa chakula, kwa hiyo ukisukuma haraka ataharisha na kuumwa tumbo. Ukimaliza, maji tena, mpaka mpira uonekane safi ndani. Hilo la mwisho ndilo watu huruka wakiwa na usingizi, na asubuhi wanakuta maziwa yameganda ndani ya mpira. Kila kitu kichujwe kwa chujio laini. Vidonge visipitishwe humo bila kumuuliza daktari au mfamasia, kwani vingine havipaswi kusagwa.

Ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu, sukuma na vuta taratibu. Usitumie waya wala nguvu. Ukichomoka, funika tundu kwa gozi safi na uondoke kwenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Chukua mpira uliotoka uende nao. Ngozi inayozunguka isafishwe kwa maji na sabuni kila siku na kukaushwa.

Chakula kinaporudi mdomoni

Hapa ndipo mapenzi yetu yanapoweza kumdhuru. Kwetu mgonjwa huonyeshwa upendo kwa sahani iliyojaa, na mgeni hujisikia vibaya akiona mzee kaacha. Mtu huyu sasa ana tumbo jembamba lililovutwa juu. Kikombe kidogo cha kahawa kimoja na nusu cha mtori kinaweza kumshibisha, na akilazimishwa kumaliza atatapika au kubanwa kifua. Mpikieni kidogo, mara sita hadi nane kwa siku, kwenye sahani ndogo ili aione imeisha.

Madaktari watawaambia lini aanze maji, lini uji, lini vyakula laini. Mwendo wa kawaida ni vinywaji, kisha vilivyosagwa, kisha laini, na baada ya wiki kadhaa vya kawaida vilivyotafunwa vizuri. Vyakula vizuri vya kuanzia ni bokoboko, ndizi za kuponda, viazi vitamu, mayai laini, samaki asiye na miiba, maharage yaliyomenywa na kusagwa, mtindi. Vinavyokwama ni nyama ngumu, mkate mbichi mlaini unaojiviringisha, na ugali mgumu. Ugali uwe laini, tonge dogo, na mchuzi.

Ale amekaa wima, polepole, na abaki wima angalau nusu saa baadaye, bora akitembea kidogo uani. Chakula cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Anywe katikati ya milo, si pamoja na chakula, akiacha nusu saa hivi. Chai isiwe ya moto sana. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vyenye joto zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kwa hiyo hili la chai lihusu nyumba nzima, siyo mzee peke yake.

Akila kitu kitamu sana, soda, juisi au chai yenye sukari nyingi, anaweza ndani ya nusu saa kutokwa jasho, moyo kumwenda mbio, tumbo kumkata na kuharisha. Chakula kimeshuka haraka mno kwenye utumbo. Wakati mwingine, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya mwili hushuka akatetemeka na kulegea. Ya kwanza hutulizwa kwa kujilaza akiwa ameegemea. Ya pili kwa kumpa kitu kidogo chenye sukari kisha chakula cha kawaida. Dawa ya zote mbili ni kupunguza vitamu na kuongeza mayai, samaki, karanga na maziwa kama anayamudu. Mwenye kisukari azungumze na daktari upya kuhusu dozi zake, kwa kuwa anakula tofauti na zamani. Kufunga Ramadhani au Kwaresima kusubiri. Wenye dini wana ruhusa kwa mgonjwa, na mzee akisikia hivyo kutoka kwa sheikh au padri wake atatulia zaidi kuliko akisikia kwako.

Uzito utapungua miezi ya mwanzo, hata akila vizuri. Msimwambie "umekonda jamani" kila asubuhi, na wageni waambiwe mlangoni. Wageni wenyewe wawe wachache, wakae muda mfupi, na mwenye mafua atume salamu.

Msisubiri kliniki

Pelekeni hospitali siku hiyohiyo mkiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, maumivu mapya ya kifua, kuhema, mapigo ya moyo kwenda mbio bila sababu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, usaha kwenye mshono, mate au chakula kutokea kwenye kidonda cha shingo, kutapika mfululizo, choo cheusi kama lami, au kuchanganyikiwa ghafla. Akishindwa kabisa kumeza mate, hilo pia ni la siku hiyo.

Kuna moja linalowavunja watu moyo bure. Wiki au miezi baada ya kuanza kula, chakula kinaanza kukwama tena. Wote huwaza saratani imerudi. Mara nyingi ni kovu la mshono limekaza, na daktari hulipanua kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasua. Nendeni tu mkaonwe.

Kliniki na mpira kutolewa

Kabla ya kuondoka hospitali, chukueni barua ya ruhusa, tarehe ya kurudi, na mjue lini majibu ya kinyama kilichotolewa yatakuwa tayari. Majibu hayo ndiyo yataamua kama atahitaji tiba zaidi, na karatasi zake zisipotee. Zipigeni picha kwenye simu za watu wawili. Kila kliniki nendeni na daftari lenye uzito wa kila wiki, alivyokula, alichokiacha, na maswali yenu. Kwa wengi nguvu hurudi polepole kati ya miezi mitatu na sita, wengine hadi mwaka. Sauti ikiwa ya kukwaruza, semeni, kwani mshipa wa fahamu wa sauti hupita karibu na palipopasuliwa.

Mpira wa kulishia hutolewa mzee akiwa anakula mdomoni vya kutosha na uzito wake umetulia kwa wiki kadhaa. Msimharakishe daktari kwa sababu mzee ameuchoka. Kuutoa ni kazi ya dakika chache kliniki. Tundu hufunikwa kwa gozi na kwa kawaida hujifunga lenyewe ndani ya siku chache. Likiendelea kuvuja baada ya hapo, rudini.